Sanduku la Kioo la Samaki na Meza Yake

Ninyi munaokaa katika vijiji vya karibu na machimbo ya shaba, pande za Likasi, Kambove, Kipushi na Kolwezi, labda mumekwisha kuona katika nyumba ya mtu mjini sanduku la kioo lililojaa maji, na ndani yake samaki wadogo wanaogelea. Jina lake ni akwariumu. Jioni mwenye nyumba huketi mbele yake, hutazama, wala hasemi neno. Watoto nao hawataki kwenda kulala.

Wengine huuliza: sanduku hili ni la kazi gani, maana samaki wake hawaliwi? Swali ni jema. Kutazama kitu kizuri kunatosha kuwa sababu. Mtu hapandi maua mbele ya mlango wake ili ayale. Lakini iko sababu nyingine. Karibu na Lubumbashi, pale Kipopo, kazi ya kufuga samaki katika mabwawa ilianza katika miaka ya 1940, na watu wengi wa Katanga walichimba mabwawa yao. Mengi yaliachwa baadaye. Maji ya bwawa ni ya matope, na mwenye bwawa haoni samaki wake mpaka siku ya kuvua. Katika kioo utaona kwa macho yako namna samaki anavyokula, anavyopumua, anavyogombana na wenzake, anavyoanza kuugua. Mtoto aliyetunza samaki 6 katika sanduku mwaka mzima atajua mambo ambayo mwenye bwawa kubwa hayajui.

Basi, ukitaka kutengeneza sanduku kama hili nyumbani kwako, sikiliza vema. Katika nchi yetu mambo mawili huharibu kazi hii kupita mengine yote. La kwanza ni uzito wa maji. La pili ni shaba.

Uzito wa maji

Watu hudharau maji kwa sababu mwanamke huyachukua kichwani. Litri 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Tupime sanduku dogo: urefu santimetri 60, upana santimetri 30, kimo santimetri 35. Ukitia maji mpaka santimetri 30, umetia litri 54, ndiyo kilo 54. Kioo chenyewe, kama unene wake ni milimetri 6, ni kilo 12. Ongeza mchanga wa chini na mawe mawili matatu. Jumla yake inakaribia kilo 80. Mfuko wa sima una kilo 50. Basi umeweka juu ya meza yako zaidi ya mfuko mmoja na nusu, na mzigo huo hautashushwa jioni. Utakaa usiku na mchana, mwaka na mwaka.

Sasa mtu anasema: langu litakuwa kubwa mara mbili. Anaongeza urefu mara mbili, upana mara mbili, kimo mara mbili. Anadhani maji yatakuwa mara mbili. Sivyo. Yatakuwa mara 8, ndiyo litri 432. Mzigo huo unakaribia nusu ya tani, na hakuna meza ya nyumbani itakayoubeba. Tena maji yakizidi kimo, husukuma kioo kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo anza na sanduku dogo na la chini.

Kioo cha dirisha la zamani chenye milimetri 3 hakifai hata kidogo. Nunua kioo cha milimetri 6, ukatiwe na fundi, na kingo zisuguliwe kwa jiwe la kunolea penye maji ili zisikate mikono. Gundi ya kuunga vioo ni silikoni tupu, ile yenye harufu ya siki inapokauka. Usinunue ile iliyotiwa dawa ya kuzuia kuvu, maana dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Safisha kingo, paka, bana, kisha acha juma zima. Wenye haraka hutia maji siku ya pili, na siku ya tatu wanapangusa sakafu.

Meza

Sasa tumefika kwenye kazi yenyewe. Sanduku likipasuka, umepoteza samaki na kioo. Meza ikianguka, yaweza kumwangukia mtoto. Kwa hiyo usiweke sanduku juu ya meza ya kulia, wala juu ya kabati, wala juu ya redio ya zamani. Jenga meza yake yenyewe, nayo isifanye kazi nyingine.

Njia iliyo rahisi na imara ni matofali. Katika Katanga tuna bahati: udongo wa kichuguu ni mwema kwa matofali, na kila kijiji kina mtu anayejua kuyachoma. Jenga kuta mbili fupi, kila moja yenye urefu wa santimetri 40 na kimo cha santimetri 60, zielekeane kwa nafasi ya santimetri 30 hivi. Juu yake laza ubao mgumu wenye unene wa santimetri 4. Usitumie matofali mabichi. Kila ukibadilisha maji, mengine yatamwagika, na tofali bichi likinywa maji kidogo kidogo hurudi kuwa udongo.

Ukipenda mti, chagua mti mgumu uliokauka vema, kama mulombwa. Mti mbichi hujipinda unapokauka, na meza ikijipinda kioo kinapasuka. Miguu iwe 4, minene kama santimetri 7 kila upande. Na hapa ndipo watu wengi hukosea. Hupigilia boriti ubavuni mwa mguu kwa misumari miwili, kisha huweka mzigo juu ya boriti. Tazama vizuri: nani anabeba mzigo? Mguu haubebi kitu. Misumari miwili tu ndiyo inayobeba kilo zote. Msumari unashika kutu, tundu lake linapanuka, na siku moja usiku boriti inateleza chini.

Fanya hivi. Boriti ilale juu ya kichwa cha mguu. Ubao ulale juu ya boriti. Mti ukae juu ya mti, mpaka chini, kama vile mzigo wa paa unavyoshuka juu ya nguzo hata ardhini. Misumari kazi yake ni kuzuia mti usihame, si kubeba. Ukiweza kung'oa misumari yote na meza bado inasimama chini ya mzigo, umejenga vema. (Usiijaribu wakati sanduku limejaa.)

Meza yenye miguu 4 na boriti tu bado si salama. Isukume kwa ubavu, utaona inalala kama kikapu. Kwa hiyo pigilia miti ya mshazari, kutoka chini ya mguu huu mpaka juu ya mguu ule, upande wa nyuma na pande mbili za ubavu. Wajenzi wa paa wanajua jambo hili: pembe tatu haiendi kushoto wala kulia. Upande wa mbele waweza kuuacha wazi. Kisha funga meza ukutani kwa kipande cha chuma au kamba ya waya, maana watoto watapanda. Hata ukiwakataza mara mia, watapanda. Meza isiwe ndefu kuliko kiuno cha mtu mzima.

Chini ya miguu weka jiwe pana au tofali la kuchoma, kwanza ukiisha kuchimba udongo laini mpaka kufika pagumu. Sakafu ya udongo huonekana ngumu kama jiwe wakati wa jua. Mwezi wa kwanza, mvua ikiisha kuingia, mguu mmoja utazama santimetri 1, na sanduku lote litainama upande huo. Tena mchwa watakuja kwa njia ya mguu. Paka miguu oli nzito ya motokari iliyochakaa, lakini chini tu, mbali na maji, na uache ikauke kabisa mbele ya kuleta sanduku.

Kupima kama meza iko sawa, kama huna pima-maji ya fundi, chukua chupa nyeupe, tia maji nusu, ifunge, ilaze juu ya ubao. Maji yakae sawasawa na mdomo na kitako cha chupa. Geuza chupa upande wa pili, tazama tena. Ukiona tofauti, rekebisha chini ya miguu, si chini ya kioo. Kati ya ubao na kioo tandika kipande chembamba cha godoro au karatasi ngumu iliyo safi. Punje moja ya mchanga iliyobaki chini ya kioo yaweza kukipasua.

Mwisho jaribu meza pasipo kioo. Weka juu yake mifuko miwili ya mchanga, kila mmoja kilo 50, uiache siku mbili. Kisha isukume. Ikilia, irekebishe. Sanduku nalo lijaribu nje, chini, penye nyasi, likiwa limejaa, siku mbili. Kisha mwaga maji yote ndipo ulichukue ndani. Sanduku lenye maji halichukuliwi, hata na watu wawili wenye nguvu, hata kwa hatua moja. Kioo kinajipinda mikononi na gundi inaachana.

Mahali pake ni penye mwanga lakini pasipo jua, mbali na mlango, mbali na mbabula. Moto wa makala hupasua kioo, na moshi hudhuru samaki. Juu yake weka kifuniko cha wavu, kwa sababu samaki wengine huruka, na watoto hutia mikono. Mtoto mdogo sana aweza kufa maji hata katika ndoo. Usimwache peke yake karibu na sanduku lililo wazi. Kama una umeme, waya wa pampu ushuke chini kuliko prizi kisha upande tena, ili tone la maji linalofuata waya lianguke sakafuni na lisiingie prizini. Tena ng'oa waya mbele ya kutia mkono majini. Lakini ujue ya kwamba samaki wachache wataishi vema pasipo pampu.

Shaba

Sasa sikiliza habari ya kijana mmoja wa kijiji cha karibu na machimbo. Alijenga meza nzuri, kioo kizuri, samaki 8. Kaka yake alikuwa mchimbaji, akamletea mawe ya malakiti, yale ya kijani yenye mistari, ambayo watu husugua na kuuza. Kijana akayapanga chini ya maji. Kweli yalipendeza kupita kitu chochote katika nyumba ile. Baada ya siku chache samaki walisimama juu, vinywa vyao hewani. Wakaanza kufa, leo mmoja, kesho wawili. Akatia maji mapya, akatia samaki wengine, nao wakafa. Akasema ni ulozi, na jirani yake akatajwa jina. Nyumba mbili hazikusalimiana muda mrefu, kwa sababu ya mawe matano.

Malakiti ni shaba, ndiyo mukuba wenyewe, katika sura ya jiwe. Maji huyeyusha kidogo sana, wala huoni rangi, wala husikii ladha. Lakini samaki hupumua maji, na shaba hudhuru mashavu yake ya kupumulia. Kiasi kidogo ambacho hakimdhuru mtu anayekunywa chaweza kumwua samaki. Na katika maji laini, yasiyo na chokaa, shaba huua kwa ukali zaidi.

Kwa hiyo usitie jiwe la kijani wala la buluu. Usitie jiwe lolote lililotoka katika chimbo au katika lundo la takataka za chimbo, hata kama ni jeusi. Mchanga usiutoe katika kijito kinachopita chini ya machimbo au kiwanda. Utoe katika kijito cha juu, ambako hakuna aliyechimba. Katika Katanga hata majani hukupa habari. Kuna mahali katikati ya pori ambapo miti haioti, nyasi tu, na penye nyasi hukua mmea mdogo wenye maua ya zambarau ambao wenye elimu huuita Haumaniastrum katangense. Waliotafuta shaba waliyafuata maua haya, na watu wakayaita maua ya shaba. Ukiyaona yameota mengi, usichukue mchanga wala maji pale.

Vyombo pia vitazame. Usichote kwa sufuria ya shaba. Ndoo ya bati lenye zinki haifai, na maji ya mvua yaliyopita juu ya manjanja mapya huwa na zinki, nayo ni sumu kwa samaki. Chungu cha udongo ni chema, na bido ya plastiki iliyokuwa na mafuta ya kula, ikioshwa sana, ni njema. Lakini mapipa yanayouzwa kutoka machimboni usiyaguse. Yalichukua asidi na dawa nyingine za kutengeneza madini, na hakuna kuosha kunakotosha. Hayafai kwa samaki, hayafai kwa maji ya kunywa, hayafai kwa pombe. Tunajua ya kwamba bei yake ni ndogo. Ndiyo sababu tunasema kwa nguvu.

Maji ya kisima kilicho mbali na machimbo ndiyo mema. Maji ya bomba ya mjini hutiwa klori ya kuua vidudu. Yaache wazi katika chombo kipana usiku mmoja na mchana mmoja, ndipo uyatumie.

Sasa utaona faida nyingine ya sanduku lako. Ukitaka kuchimba bwawa karibu na kijito usichokijua, usianze na jembe. Jaza sanduku kwa maji ya kijito kile, tia samaki wawili watatu wadogo, uwatazame siku 7. Wakifa, umeokoa kazi ya miezi. Wakiishi, rudia tena baada ya mvua za kwanza, maana mvua za kwanza hufagia vumbi la machimbo na kulitia mtoni. Lakini jambo moja usilikosee: samaki wakiishi, haina maana ya kwamba maji ni mema kwa kunywa. Vidudu vya kuhara havimdhuru samaki, navyo vitamwua mtoto wako. Chemsha kama kawaida. Na kuchemsha nako huua vidudu tu. Hakuondoi madini yaliyoyeyuka majini.

Samaki

Tia mchanga uliooshwa bila sabuni, panda majani ya majini, tia maji, kisha ngoja majuma mawili. Mkojo na mavi ya samaki hutoa sumu majini. Katika mchanga hukua vidudu vidogo visivyoonekana ambavyo hula sumu hiyo, lakini vinataka majuma mengi kuongezeka. Ukichota gao moja la mchanga wa bwawa jema la zamani na kulichanganya, umeleta vidudu hivyo pamoja. Tia kwanza samaki wawili, kisha baada ya mwezi wengine, wasizidi 6 wa urefu wa kidole katika sanduku tulilopima.

Tilapia wadogo ni wazuri kwa kutazama, ila hukua, na wakifika urefu wa kiganja wapeleke bwawani. Kambale usimtie, atakula wenzake. Katika Haut-Katanga tuna samaki wengine wa ajabu ambao watu hukanyaga pasipo kujua: Nothobranchius, wadogo, na dume lake lina rangi nyekundu au buluu kama kitambaa cha sikukuu. Huishi katika madimbwi ya masika. Dimbwi likikauka wote hufa, lakini mayai hubaki ndani ya matope makavu yakingoja mvua, kisha huanguliwa. Watu wa nchi za mbali huwatunza kwa upendo mwingi. Ukiwapata, chukua wawili watatu, acha wengine, maana dimbwi moja likiharibiwa, jamii nzima ya samaki yaweza kwisha.

Chakula kiwe kidogo: kile wanachomaliza katika dakika mbili, mara moja kwa siku. Mabuu ya mbu waliyapenda sikuzote. Yachote katika pipa lako, nawe utakuwa umepunguza mbu. Chakula kinachobaki huoza na kuharibu maji. Kila juma toa robo ya maji, rudisha maji yaliyokaa siku moja ndani ya nyumba. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Katanga ni baridi; funika sanduku kwa blanketi jioni, punguza chakula, maana tilapia wakisikia baridi hawali.

Ukiwaona asubuhi wote wako juu wakivuta hewa, usingoje. Toa mabaki ya chakula, badilisha theluthi ya maji, mimina maji mapya polepole kutoka juu ili yachukue hewa. Wakirudi chini, ilikuwa hewa au uchafu. Wasiporudi, toa mawe yote nje, uyatazame juani moja moja, uone kama hakuna lenye kijani.